Kitabu si gunia la maneno

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Wanafunzi wa hapa Morogoro wananiita Mama Hadi Kava, nami sikatai, jina linaleta wateja. Kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja, mahafali yakikaribia, meza yangu haionekani kwa tasnifu: nakala nne kwa kila mwanafunzi, reksini nyeusi au ya bluu, herufi za dhahabu mgongoni. Miezi iliyobaki naishi kwa leja za wenye maduka, vitabu vya risiti, madaftari ya mahudhurio, Misahafu iliyoachia na Biblia zilizopoteza Mwanzo na Ufunuo, maana kitabu huanza kufa kwenye ncha zake. Aliyenifundisha ni mjomba, sasa ni marehemu, aliyekuwa fundi kwenye kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam enzi za herufi za risasi.

Nayasema haya mapema ili ujue kuwa anayekuletea habari za Ulises Carrión, msanii wa Kimeksiko aliyeishi Uholanzi, si msomi wa sanaa. Ni mtu wa gundi na sindano.

Mwezi wa tatu alikuja binti mmoja anayesomea ukutubi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nakala ngapi?"

"Moja tu, mama. Ila naomba usiipige pini. Uishone kwa uzi."

Sikumbuki mara ya mwisho mteja kuniomba uzi. Siku hizi hata leja wanataka spairo. Karatasi alizonipa zilikuwa nne tu, zimechapwa pande zote ili zikikunjwa ziwe kijitabu cha kurasa kumi na sita. Tasnifu huwa sizisomi, ningekwisha kuwa kipofu. Lakini karatasi nne zikikaa mezani huku unasubiri gundi ya kazi nyingine ikauke, utaacha kuchungulia?

Mstari wa kwanza ulisema kitabu ni mfuatano wa nafasi. Wa pili ukasema kila nafasi huonekana kwa wakati wake, hivyo kitabu ni mfuatano wa nyakati pia. Kitabu si kasha la maneno, akaendelea, wala si gunia la maneno. Halafu nikafika hapa: mwandishi, tofauti na watu wanavyodhani, haandiki vitabu. Anaandika matini.

Nilicheka peke yangu mpaka kijana wa duka la simu akachungulia. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nikiwaambia wateja jambo hilohilo! Mtu anaingia na flashi mkononi, anasema, "Mama, nimekuletea kitabu changu." Hujaniletea kitabu, baba, umeniletea flashi. Kitabu nitakitengeneza mimi, tukielewana bei.

Mbele zaidi kulikuwa na maneno yaliyonifanya niweke chini kikombe cha chai. Kwamba kitabu kizuri kuliko vyote duniani, kilichokamilika, ni kile chenye kurasa tupu. Basi mimi nimetengeneza vitabu vizuri kuliko vyote duniani kwa mamia, na wenye maduka wa soko la Chifu Kingalu wamevichafua vyote kwa madeni ya unga na mafuta ya kula.

Aliyeandika hayo ndiye huyo Ulises Carrión. Insha yenyewe ilitoka kwa Kihispania mwaka 1975 katika jarida la Plural, alilokuwa akiliongoza mshairi Octavio Paz huko Meksiko, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Sanaa Mpya ya Kutengeneza Vitabu. Binti alipoona nimevutiwa akaanza kunitumia mafaili kwa WhatsApp: insha nyingine, picha za vitabu vyake ukurasa kwa ukurasa, habari za maisha yake. Nimekuwa nikisoma usiku, watoto wakilala, kwa miezi mitatu sasa.

Alizaliwa mwaka 1941 San Andrés Tuxtla, mji wa tumbaku katika jimbo la Veracruz. Akasoma fasihi na falsafa katika Chuo Kikuu cha Taifa jijini Mexico City, kisha akaenda Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, ambako alisoma Leeds. Kabla ya kutimiza miaka thelathini alikuwa na vitabu viwili vya hadithi fupi, La muerte de Miss O wa mwaka 1966 na De Alemania wa 1970, vyote kwa wachapishaji wenye heshima zao nchini kwake. Njia ilikuwa nyeupe. Mwaka 1972 akahamia Amsterdam, na hadithi akaziacha.

Hapo ndipo aliponishika. Mtu akishindwa akaacha, hiyo ni habari ya kila siku. Huyu aliacha akiwa anashinda.

Tena akahamia kwenye Kiingereza, ambacho si lugha ya kwao wala ya Uholanzi. Nawafikiria wateja wangu, wanaowahoji wakulima wa Mvomero kwa Kiswahili halafu wanakuja kuyaandika yote kwa Kiingereza. Kiingereza chao kinakuwa kikavu, kimenyooka kama rula, hakina mbwembwe. Nikisoma insha za Carrión naona ukavu uleule, ila yeye anautumia kwa makusudi, kama fundi anayekataa kupaka rangi ili uone mbao.

Kitabu chake cha mwaka huohuo wa 1972 kinaitwa Sonnet(s). Alichukua soneti moja ya Dante Gabriel Rossetti, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 19, akaipiga taipu mara 44. Si mashairi 44. Shairi lilelile, kila mara amegusa kitu kimoja: mpangilio, alama, namna ya kulichapa. Mara ya kwanza nilidhani ni dharau kwa mwenye shairi. Binti akaniambia niache kulisoma, nilitazame. Nikakumbuka ukurasa wa mashairi kwenye magazeti yetu. Mjomba alikuwa na uwezo wa kukuonyesha shairi gazetini akiwa hajavaa miwani. Haoni hata neno moja, lakini anaona mishororo minne minne, vipande viwili, mfereji mweupe katikati, vina vimepanga mstari ukingoni. "Hilo hapo," anasema, "nisomee." Shairi lilikuwa limeshafika kabla ya maneno yake. Nikalirudia Sonnet(s) kwa macho ya mjomba, na safari hii sikuona dharau.

Kipo kingine, Arguments, cha mwaka 1973. Ndani kuna majina ya watu tu, majina ya kwanza, yaliyopangwa ukurasani. Hakuna anayesema lolote. Lakini kwa jinsi majina yanavyokaribiana, yanavyoachana, moja linavyorudi mara mbili na jingine kupotea, unaanza kuhisi nani kagombana na nani. Mwanangu wa miaka kumi na moja alikitazama kwenye simu akasema, "Mama, hapa huyu kanuna." Hakuna neno kununa. Kuna jina limekaa peke yake.

Hicho kilichapwa na Beau Geste Press, waliokuwa kwenye nyumba ya shamba huko Devon, Uingereza. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Felipe Ehrenberg, Mmeksiko mwingine aliyeondoka kwao baada ya machafuko ya mwaka 1968, pamoja na Martha Hellion, na Mwingereza David Mayor. Mashine yao kubwa ilikuwa ya kudurufu, ile ya sitensili. Waliosoma shule za msingi miaka ya themanini wanaijua harufu yake: karatasi ya mtihani inayokufikia bado ina unyevu, herufi o zote zimejaa wino. Sisi tuliiona ni mashine ya umaskini. Wao waliitumia kwa sababu mtu anaweza kutengeneza kitabu kizima mwenyewe, toka taipu hadi jalada, bila kumwomba ruhusa mchapishaji. Ndivyo Carrión alivyotaka. Mtengeneza vitabu ashike kitabu chote, asiishie kwenye maneno na kuwaachia wengine mengine.

Sasa nifike kwenye kile kilichonikosesha usingizi. Cha mwaka 1973 pia, na jina lake ni ombi: niambie chumba chako kina karatasi gani ya ukutani. Kurasa zake ni vipande vya karatasi za kubandika ukutani, zile za maua na michirizi ambazo Wazungu hupamba nazo vyumba, na maneno machache ya taipu juu yake.

Sisi hatukuwa na karatasi za maua. Tulikuwa na magazeti. Kwa bibi yangu Matombo, milimani Uluguru, chumba cha watoto kilikuwa cha udongo na kila baada ya mavuno bibi alipika uji wa muhogo, akabandika magazeti ukuta mzima ili vumbi lisituangukie usiku. Uhuru, Mzalendo, yoyote aliyopewa na mwalimu mkuu. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo alibandika kwa kufuata ukubwa wa karatasi. Mengine yalikuwa wima, mengine yamelala, mengine kichwa chini miguu juu. Mimi na dada yangu tulijifunzia kusoma hapo, kabla ya shule, tumelala kitandani tumegeuza shingo. Habari inaanza karibu na dirisha, unageuka, inaendelea chini ya kitanda, halafu mwisho wake umefunikwa na picha ya timu ya mpira. Mpaka leo sijui mwisho wa hadithi moja ya mfululizo iliyokuwa nyuma ya mlango. Dada anadai alikuwa anaujua. Anaweza kuwa ananidanganya.

Kwa hiyo Mmeksiko huyu aliponiuliza karatasi ya chumba changu, nilikuwa na jibu.

Lakini ngoja kwanza nikiri kosa, kwa sababu nalo linahusika. Mwaka 2014 nilijalidi tasnifu ya kijana mmoja huku sura ya nne yote ikiwa imegeuka. Nilikuwa na kazi nyingi, umeme ulikatika, nikapanga mafungu kwa taa ya simu. Nikagundi, nikaminya, nikapiga dhahabu. Akaja jioni, kesho yake ndiyo siku ya kukabidhi. Akafungua, akanyamaza, akasema taratibu, "Mama, matokeo yangu ya utafiti yamesimama kwa kichwa." Nilikaa mpaka saa tisa usiku nikiipasua na kuirudia, kwa gharama yangu. Katika tasnifu ile hapakupungua neno hata moja. Kama kitabu kingekuwa gunia la maneno, kijana asingekuwa na sababu ya kulia dukani kwangu.

Carrión hakuishia kutengeneza. Alipofika Amsterdam alijiunga na wenzake wa In-Out Center, ukumbi mdogo ulioendeshwa na wasanii wenyewe, wengi wao wageni, Wakolombia na Waaislandi. Kisha mwaka 1975 akafungua duka, Other Books and So, kwenye Herengracht namba 227, mfereji wa matajiri wa zamani wa jiji lile. Baadaye lilihamia namba 259 mtaa huohuo. Lilikuwa miongoni mwa maduka ya mwanzo kabisa duniani kuuza vitabu vya wasanii peke yake. Tangazo lake lilitaja bidhaa: vitabu vingine, visivyo vitabu, vipinga-vitabu, vitabu bandia, vitabu nusunusu, na orodha ikaendelea hivyo. Vitu vilimjia kwa posta kutoka Amerika ya Kusini, Ulaya Mashariki, popote palipokuwa na mtu mwenye karatasi na ukaidi.

Kama mwenye duka naomba niseme lililo moyoni. Ningekuwa jirani yake pale mferejini ningemshauri auze na kalamu. Na rimu za A4. Duka lilifungwa mwishoni mwa miaka ya sabini, akaligeuza kuwa hifadhi ya kumbukumbu. Ila yeye hakulihesabu kuwa biashara iliyofeli. Kwake, kuendesha duka, kupanga rafu, kujibu barua, kutunza kumbukumbu, vyote vilikuwa kazi ya sanaa sawasawa na kuandika kitabu. Sijui kama naweza kulikubali hilo mwisho wa mwezi, mwenye nyumba akibisha hodi. Lakini tangu nisome hivyo, napanga rafu yangu vingine. Ile ya kazi zisizochukuliwa na wenyewe nimeipanga kwa miaka, na nimeanza kuandika kadi kwa kila moja.

Upande wa mihuri utawafurahisha wale wa mtaani kwetu. Amsterdam kuna karakana ya mihuri ya mpira iitwayo Posthumus, ipo tangu mwaka 1865. Miaka ya sabini mwenzake Carrión, Aart van Barneveld, aliendesha pale ukumbi wa maonyesho ulioitwa Stempelplaats, yaani mahali pa mihuri, na wakawa na jarida, Rubber. Wasanii wa nchi mbalimbali walichonga mihuri yao, wakagonga kwenye bahasha na vitabu. Carrión aliandika insha nzima juu ya mihuri mwaka 1978. Nilimsimulia jirani yangu mchonga mihuri, ambaye kila siku anafukuza vijana wanaotaka muhuri wa ofisi zisizo zao. Akatikisa kichwa. "Muhuri usiokuwa na ofisi nyuma yake," akasema, "huo ni mchoro." Nikamwambia ndiyo, mzee, ndicho walichokuwa wanasema. Akataka kujua waliuzaje.

Halafu posta. Enzi hizo wasanii wengi walitumiana kazi kwa barua, sanaa inayopita kwenye sanduku la posta badala ya ukumbi. Carrión alikuwa katikati ya mtandao huo. Kati ya mwaka 1977 na 1978 yeye, van Barneveld na Salvador Flores walitoa jarida la Ephemera, matoleo 12, lililochapa vilevile vipande walivyotumiwa. Lakini kilichonifurahisha mimi ni kile alichokianzisha mwaka 1977 kwa jina la EAMIS, yaani Erratic Art Mail International System. Ilikuwa posta ya wasanii, na neno la kwanza katika jina lake lina maana ya kutangatanga, kutokuwa na njia maalumu. Masharti: ujumbe wa umbo lolote unapokelewa, barua, kitabu, kanda, kifurushi. Hakuna malipo. Uambatanishe nakala ya kubaki kwenye hifadhi. Na sharti kuu, ujumbe usifike kwa njia ya posta ya serikali. Uletwe kwa mkono, na mwenyewe au na mtu yeyote, na upelekwe hivyohivyo na wasafiri. Alisema kutumia mfumo huo ni kuunga mkono njia mbadala pekee dhidi ya urasimu wa mataifa.

Njia mbadala pekee! Huyu bwana hakufika stendi yetu ya mabasi ya Msamvu. Nani hapa anatuma kitu kwa posta? Simu mbovu inakwenda kwa fundi Dar kwa basi. Dawa ya mama inatoka Ifakara kwa basi. Cheti cha kuzaliwa, kuku wawili, nguo ya harusi. Unamtafuta konda mwenye uso wa kuaminika, unaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, unaomba Mungu. Na kabla ya simu, wazee wetu waliandika kwenye bahasha "kwa mkono wa ndugu fulani", barua ikapita mikono mitano kabla ya kufika, na kila mkono ulijua kilichomo ndani.

Hilo la mwisho linanipeleka kwenye umbeya. Mwaka 1981 Carrión alifanya kazi juu ya umbeya, na sitanii. Aliwaomba marafiki zake waeneze habari za uongo kumhusu yeye mwenyewe mjini Amsterdam, wakawa wanafuatilia zinavyotembea, kisha akatoa mhadhara kama profesa, na michoro, akieleza tofauti ya umbeya, uvumi, kashfa na kusingiziana. Nimeitazama michoro hiyo na nimeheshimu juhudi. Lakini kuomba watu wakuseme? Ungekuwa mtaa wetu, kabla hajamaliza kunyoosha mshale wa kwanza, mtaa mzima ungeshajua habari, toleo la tatu, pamoja na jina la mke mdogo. Naona hapo alikuwa mgeni katika mji wa watu wanaojifungia ndani. Miaka mitatu baadaye aliandaa tamasha la filamu za Lilia Prado, nyota wa sinema za zamani za Meksiko, akamleta mwenyewe Uholanzi akamzungusha mijini, na hiyo nayo akaiita kazi yake. Binti anaipenda sana. Mimi mtu wa karatasi, hapo aliniacha njiani.

Alinirudia kwenye kitabu cha mwaka 1987, For Fans and Scholars Alike, kilichochapwa Rochester, New York. Ukikifungua kina sura ya kitabu cha kisomi kabisa. Sehemu ya matini ipo, mapambizo yapo, kila kitu mahali pake. Neno la kusoma halipo. Ni mistari na maumbo tu. Nilikaa nacho kwenye simu muda mrefu. Hivi ndivyo ninavyoziona tasnifu zote zinazopita mikononi mwangu! Najua wapi shukrani zinaishia kwa wembamba wa fungu, wapi majedwali yanaanzia kwa kuwa karatasi inageuka ulalo, wapi marejeo yanabana. Ukinipa tasnifu kizani nitakuonyesha sura ya nne kwa kidole. Baada ya ile ya mwaka 2014, hasa sura ya nne.

Alifariki Amsterdam mwaka 1989, kwa UKIMWI, akiwa na miaka 48. Dawa za mseto zilikuwa hazijapatikana. Miaka hiyohiyo na sisi tulikuwa tunazika, na kwetu hatukuwa tukilitaja jina la ugonjwa. Baada yake vitabu vyake vilibaki kwa marafiki na wakusanyaji, mmojawapo Guy Schraenen wa Antwerp, ambaye mwaka 2016 alisimamia maonyesho makubwa ya kazi zake katika makumbusho ya Reina Sofía mjini Madrid. Mwaka uliofuata yakaenda Mexico City, kwa hiyo mtoto alirudi nyumbani. Maonyesho yalipewa jina kutokana na maneno yake mwenyewe: msomaji mpendwa, usisome. Binti anasema makumbusho huviweka vitabu kama hivi chini ya kioo, vimefunguliwa ukurasa mmoja. Kwa mfuatano wa nyakati, hiyo si sawa na kusimamisha saa? Nimewahi kuona Biblia ikitunzwa hivyo kabatini kwa mtu. Mende waliila kwa nyuma.

Kijitabu cha binti nilikishona kwa mashimo matano, uzi wa pamba niliopitisha kwenye nta, jalada la manila ya kaki. Alipokuja kukichukua alikinusa kwanza, nikajua atakuwa mkutubi mzuri.

Halafu nikatengeneza changu. Nilimwomba muuza karanga magazeti ya zamani anayofungia, nikayapaka uji wa muhogo kama bibi, nikabandika mawili mawili yawe magumu, nikayakata, nikayashona. Kurasa ishirini na nne. Nyingine wima, nyingine zimelala, nyingine kichwa chini. Habari moja inaanzia ukurasa wa tatu, inaendelea wa kumi na tisa, mwisho wake nimeufunika kwa picha ya timu ya mpira. Jina sikuandika. Ilichukua siku nne kukauka, na mchwa waliujua uji kabla ya mtu mwingine yeyote, ikabidi nikining'inize kwenye kamba.

Dada yangu anaishi Tanga. Jumatatu nilikwenda Msamvu alfajiri, nikampata konda wa basi la Tanga.

"Ndani kuna nini, mama?"

"Kitabu."

Akafungua kona ya bahasha, akachungulia. "Haya si magazeti?"

"Ni kitabu, baba. Kwa mkono wako."

Akachukua elfu tatu, akaandika namba ya dada kwa maka peni. Nakala ya hifadhi nilikuwa nimeshaipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kama masharti ya EAMIS yanavyotaka.

Jumanne dada akapiga kusema hajapigiwa. Jumatano nikampata konda, akasema basi liliharibika Segera, mizigo ikahamishiwa gari jingine. Alhamisi mtu wa gari hilo akasema bahasha ya magazeti anaikumbuka, aliishusha Korogwe kwa mama mmoja wa ofisi ya vifurushi. Leo asubuhi mama huyo kapokea simu. Ana sauti nzuri, mtu mzima. Anasema kitabu anacho, ila mjukuu wake amekishikilia, anataka kujua ile habari ya ukurasa wa tatu inaishia wapi, na kama anaweza kukaa nacho mpaka Jumapili.